Kaunti Kubwa na Kaunti Ndogo: Historia ya Kutafuta Haki katika Mpira wa Kigaeli

Mpira wa Kigaeli wa Ireland huchezwa kwa mikono na miguu, timu mbili za wachezaji 15 zikishambulia magoli yenye umbo la herufi H. Mpira ukipita juu ya mwamba ni pointi moja, na tangu 2025 ni mbili ukipigwa kutoka nje ya tao la mita 40. Ukiingia wavuni ni bao, na bao moja ni sawa na pointi tatu. Matokeo huandikwa mabao kwanza: 2-10 ni mabao mawili na pointi 10, jumla 16. Msimamizi wa mchezo ni chama cha GAA, kilichoundwa katika mji wa Thurles, kaunti ya Tipperary, tarehe 1 Novemba 1884. Shindano lake kuu ni Ubingwa wa Ireland Nzima, unaogombewa tangu 1887.

Washindani ni kaunti, na hapo ndipo suala la haki linapoanzia. Ireland ina kaunti 32, ambazo mipaka yake ilichorwa na watawala wa Kiingereza kwa ajili ya mahakama na kodi. Wicklow, ya mwisho kuundwa, ni ya mwaka 1606. Hakuna aliyewaza kwamba siku moja mistari hiyo ingepanga timu za mpira. Katika sensa ya 2022, kaunti ya Dublin ilikuwa na watu 1,458,154, na Leitrim watu 35,199. Kila moja huingiza uwanjani wachezaji 15.

Katika soka ya kulipwa, klabu ya mji mdogo inaweza kupata tajiri na kununua wachezaji. Mpira wa Kigaeli ni wa ridhaa: mchezaji halipwi mshahara, na kwa kawaida huichezea klabu ya parokia aliyokulia na kaunti ya klabu hiyo. Hakuna soko la usajili. Leitrim haiwezi kumnunua mshambuliaji wa Dublin, na kijana hodari wa Leitrim hutarajiwa kuichezea Leitrim mpaka atakapostaafu, hata kama hatashinda kikombe maishani. Kwa kuwa wachezaji hawahami, wenye kutaka kusawazisha mashindano wamebaki na mambo mawili tu ya kurekebisha: mfumo wa mechi na mgawanyo wa fedha. Historia ya ubingwa huu kwa sehemu kubwa ni historia ya kuyajaribu mawili hayo.

Ubingwa wa kwanza, wa 1887, ulipangwa kwa droo ya wazi. Kila kaunti iliwakilishwa na klabu bingwa wake, bila kujali upande wa nchi, na timu zilikuwa na wachezaji 21. Klabu ya Commercials ya Limerick iliishinda Young Irelands ya Dundalk, kutoka kaunti ya Louth, katika fainali iliyochezwa Aprili 1888. Mwaka uliofuata chama kilianza kupanga mechi kwa majimbo manne ya kale: Leinster, Munster, Connacht na Ulster. Sababu zilikuwa za kawaida kabisa. Safari zilikuwa ndefu, nauli za treni ghali, na mechi za majirani zilileta watazamaji wengi zaidi.

Mpango huo ulizaliwa na kasoro ambayo haijaondoka hadi leo, kwa maana majimbo hayalingani. Ulster ina kaunti tisa, Munster sita na Connacht tano. Leinster ina 12, ingawa Kilkenny, iliyojikita katika mchezo wa magongo wa hurling, haishiriki mashindano ya wakubwa ya mpira. Bingwa wa kila jimbo alikwenda moja kwa moja nusu fainali ya taifa. Kwa hiyo timu ya Connacht iliweza kufika huko kwa kushinda mechi mbili, huku ya Ulster ikihitaji tatu au nne dhidi ya wapinzani wagumu zaidi. Aliyeshindwa mara moja, mwezi Mei au Juni, msimu wake uliishia hapo.

Kati ya 1900 na 1903 kila jimbo lilipata baraza lake. Mabaraza hayo yalisimamia mechi za jimbo, yakakusanya viingilio na kuvigawa kwa klabu na viwanja. Ndivyo ubingwa wa jimbo ulivyogeuka kuwa chanzo cha mapato na cha madaraka, mbali na kuwa mchujo wa kwenda taifa. Kila aliyependekeza baadaye kuufuta alikabiliana na watu wenye viti, bajeti na kura.

Munster ndiko dhuluma ya mfumo ilikoonekana waziwazi. Kerry, yenye mataji 39 ya Ireland kufikia 2025, na jirani yake Cork ziliutawala mpira wa jimbo hilo, na kwa miaka mingi zilitenganishwa katika ratiba ili zikutane fainali. Kaunti nyingine nne, yaani Clare, Limerick, Tipperary na Waterford, zilijua kabla ya kuvaa jezi kwamba ili kutwaa taji zingelazimika kuzishinda zote mbili. Mwaka 1979, huko Milltown Malbay, Kerry iliichapa Clare 9-21 kwa 1-9, tofauti ya pointi 36, nyumbani kwa Clare. Kuanzia 1936 hadi 1991, hakuna timu nje ya Kerry na Cork iliyotwaa ubingwa wa Munster.

Baraza la jimbo liliacha kuzitenga timu hizo mbili kuanzia 1991. Mwaka huohuo Limerick ilifika fainali na kuisumbua Kerry, ikafungwa 0-23 kwa 3-12. Mwaka 1992 Clare, chini ya kocha John Maughan, iliishinda Kerry 2-10 kwa 0-12 jijini Limerick na kutwaa taji lake la kwanza tangu 1917. Si droo peke yake iliyowafikisha hapo. Mwaka 1990 GAA ilikuwa imeanzisha Ubingwa B kwa timu zilizotolewa mapema. Leitrim ilishinda wa kwanza na Clare ikashinda wa 1991. Leitrim nayo ilitwaa Connacht mwaka 1994, mara yake ya pili tu baada ya 1927. Timu ndogo ilikuwa imepata kitu ilichokikosa kwa karne nzima: mechi za kutosha dhidi ya wapinzani wa kiwango chake.

Mkutano maalumu wa 2000 ulikubali mageuzi makubwa zaidi. Kuanzia 2001, timu iliyotolewa katika jimbo ilipata nafasi ya pili kupitia mechi za mchujo, ambazo mashabiki waliziita mlango wa nyuma. Mabingwa wanne wa majimbo walisubiri robo fainali, wakakutana na timu nne zilizopenya mchujo. Hoja ilikuwa kwamba si haki vijana wafanye mazoezi miezi sita kwa ajili ya dakika 70.

Mlango huo uliwafaa wadogo mara kadhaa. Sligo iliitoa Tyrone mwaka 2002. Fermanagh, kaunti isiyowahi kutwaa hata ubingwa wa Ulster, iliitoa Armagh katika robo fainali ya 2004 na kuilazimisha Mayo kurudia mechi ya nusu fainali. Wexford ilifika nusu fainali mwaka 2008. Lakini walioutumia vizuri zaidi walikuwa wakubwa. Galway ilifungwa na Roscommon katika jimbo mwaka 2001, ikarudi kupitia mchujo na kuilaza Meath 0-17 kwa 0-8 katika fainali ya taifa. Tyrone ilitwaa kombe kwa njia hiyo mwaka 2005 na 2008, na Kerry mwaka 2006 na 2009. Zamani kaunti dhaifu iliweza kuikuta timu kubwa katika siku yake mbaya na kuizika. Sasa timu kubwa iliruhusiwa kuwa na siku mbaya, na kwa kuwa ilikuwa na wachezaji wengi wa akiba, kila mechi ya ziada ilizidi kuipa nguvu.

Wakati mfumo wa mechi ukirekebishwa, mizani ya fedha ilianza kuinama upande wa Dublin. Mwanzoni mwa karne hii Dublin haikuwa tishio. Ilikuwa haijatwaa kombe la taifa tangu 1995, na viongozi walihofia kwamba soka na raga zingewanyakua watoto wa vitongoji vipya vya mji mkuu. Kamati ya mikakati iliyoongozwa na Peter Quinn, aliyewahi kuwa rais wa GAA, ilipendekeza mwaka 2002 kwamba Dublin igawanywe timu mbili, ya kaskazini na ya kusini. Wadublin walikataa katakata. Badala yake, kuanzia katikati ya muongo huo, serikali kupitia Baraza la Michezo la Ireland ilitoa takriban euro milioni moja kwa mwaka kuendeleza michezo ya Kigaeli jijini. Fedha hizo zililipia makocha wa kudumu waliopangiwa klabu na shule, klabu zenyewe zikichangia sehemu ya mshahara. Kocha wa aina hiyo alishinda katika shule za msingi akiwafundisha watoto kudaka na kupiga, kisha jioni akawapokea kwenye klabu ya mtaa.

Kwa miaka mingi kaunti nyingine zilipata sehemu ndogo tu ya kiasi hicho, na hata hesabu ilipofanywa kwa kila mchezaji aliyesajiliwa, Dublin ilizipita kwa mbali. Juu ya ruzuku hiyo kulikuwa na udhamini. Kampuni kubwa zenye ofisi mjini zilitaka nembo zao kwenye jezi ya buluu ya Dublin. Vodafone ilifuatwa na kampuni ya bima AIG kwa mikataba ambayo kaunti ya vijijini isingeiota. Matokeo ya uwanjani yalikwenda sambamba. Dublin ilitwaa kombe la taifa mwaka 2011 na 2013, kisha mara sita mfululizo kuanzia 2015 hadi 2020. Kabla ya hapo hakuna timu ya wanaume, ya mpira wala ya hurling, iliyowahi kufikisha hata mara tano mfululizo. Katika Leinster ilitwaa kila taji kuanzia 2005 hadi 2024 isipokuwa la 2010. Fainali ya jimbo ya 2020 iliisha Dublin 3-21, Meath 0-9, pointi 21 kati yao, na Meath haikuwa timu ya kubahatisha: ni kaunti yenye mataji saba ya Ireland.

Watetezi wa Dublin walikuwa na majibu yenye uzito. Mji wenye zaidi ya robo ya wakazi wa Jamhuri ya Ireland ulistahili sehemu kubwa ya fedha za kukuza vipaji. Dublin haikubahatika tu. Ilipata kizazi cha wachezaji kama kipa Stephen Cluxton na kiungo Brian Fenton, na kocha mwenye mpangilio, Jim Gavin. Aidha, ruzuku zilikuwa za watoto na klabu, si za timu ya kwanza. Wapinzani walijibu kwamba mtoto aliyefundishwa vizuri akiwa na miaka minane ndiye mchezaji wa timu ya kwanza miaka 15 baadaye. Walisema pia kwamba Kerry ilitawala bila fedha za namna hiyo, na kwa hiyo enzi zake zilipanda na kushuka, ilhali faida ya wingi wa watu ikiunganishwa na fedha haina sababu ya kushuka.

Uwanja nao uliingia katika shauri hilo. Croke Park, wenye nafasi ya watu zaidi ya 82,000, ni makao makuu ya GAA na uko Dublin. Kwa kuwa Dublin ilivuta watazamaji wengi kuliko timu yoyote, mechi zake za ubingwa zilipangwa hapo mwaka hadi mwaka. Ilipopelekwa Nowlan Park, Kilkenny, kucheza na Laois mwaka 2016, ilikuwa mechi yake ya kwanza ya ubingwa nje ya Croke Park tangu 2006. Mashindano ya 2018 na 2019 yalizidisha hasira juu ya jambo hilo. Robo fainali ziligeuzwa kuwa makundi mawili ya timu nne, maarufu kama Super 8, ambapo kila timu ilipangiwa mechi moja nyumbani, moja ugenini na moja Croke Park kama uwanja huru. Kwa Dublin, uwanja huru na uwanja wa nyumbani vilikuwa kimoja, nayo ikacheza hapo mara mbili. Donegal ililalamika rasmi.

Mwaka huohuo wa 2018 Kildare ilionyesha jinsi kaunti inavyoweza kuisimamia haki yake. Jina lake lilikuwa limetoka la kwanza katika droo ya mchujo dhidi ya Mayo, kwa hiyo ilistahili kucheza nyumbani, St Conleth's Park mjini Newbridge, uwanja usiofikisha watu 10,000. Wasimamizi waliihamishia mechi Croke Park kwa hoja ya usalama na wingi wa mashabiki. Kildare, chini ya kocha Cian O'Neill, ilitangaza kwamba itakuwa Newbridge siku hiyo, na asiyetaka asije. Kwa siku kadhaa ilitishiwa kupokwa mechi, mwishowe wasimamizi wakarudi nyuma. Mechi ikachezwa Newbridge, Kildare ikashinda 0-21 kwa 0-19.

Ugonjwa wa korona uliurudisha mtoano wa kale bila kutarajiwa. Ubingwa wa 2020 ulichezwa majira ya baridi, viwanja vikiwa vitupu, na aliyefungwa alitoka. Tarehe 22 Novemba 2020, Tipperary iliifunga Cork 0-17 kwa 0-14 na kutwaa Munster kwa mara ya kwanza tangu 1935. Siku hiyohiyo Cavan iliishinda Donegal katika fainali ya Ulster. Ilikuwa miaka 100 na siku moja baada ya Jumapili ya Damu, ambapo askari wa Uingereza waliwaua watu 14 Croke Park, akiwemo mchezaji wa Tipperary Michael Hogan. Mabingwa wanne wa majimbo walikuwa walewale wa 1920: Tipperary, Cavan, Mayo na Dublin. Waliotaka kuyalinda majimbo walipata ushahidi kwamba mtoano, ingawa mkatili, bado ulikuwa mfumo uliompa mnyonge nafasi kubwa zaidi ya kushinda kitu.

Mjadala ulifikia kilele katika mkutano maalumu wa Oktoba 2021. Pendekezo lililoitwa B lilitaka ubingwa wa majimbo uhamishiwe majira ya kuchipua kama shindano la pembeni, na ligi ya madaraja manne iwe ndiyo msingi wa ubingwa wa kiangazi. Kila kaunti ingepata mechi saba dhidi ya timu za kiwango chake. Wapinzani walionyesha kasoro yake: timu ya sita katika Daraja la Kwanza ingetolewa, huku bingwa wa Daraja la Nne akisonga mbele. Ulster, ambako fainali ya jimbo hujaza uwanja wa Clones, haikuona sababu ya kulishusha hadhi shindano lake. Pendekezo lilipata asilimia 50.6 ya kura. Kanuni za GAA zilidai asilimia 60, likaanguka ingawa wengi walilitaka.

Mkutano Mkuu wa Februari 2022 ulipitisha suluhu ya katikati, nayo ikaanza kikamilifu 2023. Timu 16 zingegombea kombe la Sam Maguire, yaani lile la bingwa wa Ireland Nzima, zilizobaki Kombe la Tailteann, lililoanzishwa 2022 na kushindwa mara ya kwanza na Westmeath. Wanafainali wa majimbo waliingia moja kwa moja katika kundi la juu; nafasi zilizosalia zilijazwa hasa kwa msimamo wa ligi. Msimu wa kwanza ulifichua tena kutolingana kwa majimbo. Sligo, iliyotoka Daraja la Nne, ilifika fainali ya Connacht kwa kuzishinda London na New York, timu za Waayalandi wa ughaibuni zinazoshiriki katika jimbo hilo, na hivyo ikapata tiketi ya Sam Maguire. Meath, ya Daraja la Pili, ilitolewa mapema katika Leinster na kushushwa Tailteann, ambayo iliishinda. Makundi yenyewe yalilaumiwa kwa kuchosha: mechi 24 zilichezwa ili kuondoa timu nne tu kati ya 16. Mkutano Mkuu wa Februari 2025 uliyafuta na kuweka, kuanzia 2026, raundi za moja kwa moja ambamo aliyefungwa katika raundi ya kwanza hupata nafasi moja ya kujiokoa.

Upande wa fedha nao ulisogea. Baada ya miaka ya malalamiko, GAA ilibuni fomula mpya ya ruzuku za maendeleo iliyozingatia zaidi idadi ya wachezaji waliosajiliwa katika kila kaunti, na pengo kati ya Dublin na wengine likapungua. Kaunti zinazoizunguka Dublin, ambako familia nyingi za mjini zimehamia kwa sababu ya bei za nyumba, ziliongezewa makocha.

Wanawake walipita njia yao. Chama chao kiliundwa Thurles mwaka 1974, kikabaki nje ya GAA. Madaraja yaliyowatesa wanaume katika mikutano hayakuwa mgogoro kwao: ubingwa wao umegawanywa wa juu, wa kati na wa chini, na fainali zote tatu huchezwa Croke Park siku moja. Dhuluma yao ilikuwa ya fedha. Wanaume walianza kupata ruzuku ya serikali kwa wachezaji wa kaunti mwaka 2008. Wanawake walisubiri hadi 2021 ndipo fungu lao likapandishwa hadi euro milioni 2.4 kwa mwaka ili lilingane na la wanaume.

Tarehe 11 Mei 2025, Louth, kaunti ndogo kuliko zote kwa eneo, iliishinda Meath 3-14 kwa 1-18 na kutwaa Leinster kwa mara ya kwanza tangu 1957. Dublin ilikuwa imeshatolewa na Meath katika nusu fainali. Ushindi huo haukufuta hoja za miaka 20, kwa kuwa Wicklow bado haijawahi kutwaa Leinster wala Fermanagh Ulster, na Waterford haijashinda Munster tangu 1898. Mifumo imebadilishwa mara nyingi kati ya 2001 na 2026, na fomula ya fedha imerekebishwa. Mipaka ya kaunti, majimbo manne na kanuni ya mchezaji kuichezea kaunti yake vimebaki vilevile, kwa sababu wanachama wengi wanavithamini kuliko usawa wenyewe.